Mume Wangu Ameacha Nyama, na Ng'ombe wa Mama Mkwe Ameacha Maziwa

Mpendwa Shangazi Mwanne, naomba msaada, tena naomba haraka, kwa sababu leo ni Jumapili na Jumamosi ijayo mama mkwe wangu anaondoka kwangu na ng'ombe wake kurudi mlimani, mahali ambapo hata mbwa walishashuka kukimbia vita, na anayejua kwa nini anaondoka ni mimi peke yangu, na sijamwambia mtu yeyote. Majina yote katika barua hii nimeyabadilisha, langu likiwemo, kwa hiyo usihangaike kunitafuta.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia hapahapa Bujumbura, na tunakaa Kanyosha, mimi, watoto watatu na mume wangu, nimwite Papa Orlane. Anafanya kazi katika ofisi moja huko Rohero, na kwa miaka kumi na miwili chakula chake cha mchana kilikuwa brochette, mishkaki ya mbuzi, na ndizi za kukaanga, na cha jioni kilikuwa nyama yoyote iliyobaki duniani. Mwezi wa pili mwaka huu kidole gumba cha mguu wake kikavimba kikawa chekundu kama nyanya, akawa analia shuka likimgusa tu, tukaenda kwa daktari, daktari akasema hiyo ni goutte, yaani jongo, aache nyama, aache bia, aache hata dagaa wa ndagala, la sivyo atatembelea magongo. Akaacha siku hiyohiyo, nampongeza. Lakini Shangazi, mtu huyu hawezi kusema ni kidole! Amewaambia wenzake wa ofisini kwamba amekuwa végétarien kwa hiari yake, kwa sababu damu iliyomwagika katika nchi hii inatosha na yeye hataki kuongeza hata ya kuku, na watu wanampa mkono, na padri amemtaja kwenye mahubiri, na mimi nimekaa kwenye benchi naangalia kile kidole ndani ya sandali.

Kupika ndiko kulikoniletea haya yote. Nilianza na maharage, nani asiyejua maharage? Maharage na bugali, maharage na ndizi, maharage na wali, maharage na mihogo, na asubuhi maharage ya jana yaliyopashwa moto. Siku ya tisa akasukuma sahani akasema, "Mi nilitoka internat, ile shule ya kulala, miaka makumi mbili imepita, we unanirudisha kule. Apana. Kama ni hii tu, mi nitakula nyama, na kidole wakikate." Nikaogopa, maana namjua, akisema atakula anakula.

Basi tuna jirani, Mama Cirimwami, mwenyeji wa Bukavu, anauza vitenge. Siku moja alikuja kuazima chekecheo, akapita nyuma ya nyumba, akaona pale mahali mama mkwe amepanda viazi vitamu, akashika kichwa. "Mama Orlane, muko nakula maharage kila siku, na matembele yote hii iko hapa? Kwetu hii ni mboga ya kupatia wageni!" Nikacheka sana, kwa sababu kwetu Warundi majani ya viazi ni chakula cha mifugo, mtu akikukuta unayala anafikiri umeishiwa kabisa. Lakini kesho yake nikajaribu. Nikachuma yale machanga ya juu, nikayakatakata, nikayapika na kitunguu, mafuta ya mawese, pilipili, na unga wa karanga vikombe viwili, nikamwambia Papa Orlane ni épinards, spinachi za soko kuu. Shangazi, alilamba sahani, mtu mwenye diploma.

Tangu hapo mkono wangu haukurudi nyuma. Karanga kwenye matembele, karanga kwenye majani ya maboga, karanga kwenye biringanya, karanga kwenye ndizi, na siku nyingine njegere nimezichemsha ndani ya maziwa mpaka zikawa supu nzito kama ya hoteli. Papa Orlane ametoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda, na si ya kuubana, ni ya kuulegeza. Nilijiona mpishi mkubwa.

Sasa nikueleze habari ya mabukwe, maana ndivyo ninavyomwita mama mkwe. Alishuka mwaka jana, nyumba yake ilipochomwa. Wengine waliokoa masufuria na magodoro, yeye alikuja na mkeka, rozari na Bihogo. Bihogo ndiye huyo ng'ombe. Anakaa nyuma ya nyumba yetu kwenye kibanda cha maturubai, na mabukwe anamsemesha kuliko anavyotusemesha sisi, na Bihogo akikohoa nyumba nzima inaamka. Na Bihogo ana sheria zake. Maziwa yake hayapashwi moto, na aliyekula karanga au njegere hawezi kunywa maziwa siku hiyo, kwa sababu akinywa, ng'ombe anaharibika matiti. Mimi mtoto wa mjini niliyasikia hayo kwa bibi yangu, nikayaweka pamoja na hadithi za sungura. Kila jioni kabla ya kutugawia maziwa mabukwe, ambaye hula maharage yake tu aliyojipikia, huuliza, "Leo mmekula nini?" na mimi najibu, "Maharage, mabukwe," huku karanga ziko kwenye meno, na tunakunywa, watoto wanakunywa, Papa Orlane anakunywa vikombe viwili.

Na Bihogo ameharibika. Zamani alikuwa anajaza chombo cha kukamulia asubuhi na jioni, tukawa tunauza mengine. Mwezi wa nne akaanza kupungua, mwezi wa tano ikawa nusu, sasa ni kikombe kimoja cha chai, na siku nyingine hata hicho hakijai. Mwanzoni kabisa tulimwita mganga wa mifugo, akampapasa Bihogo kila mahali, akasema hana homa, hana kidonda, haelewi. Hata shamba la viazi limeingia mkosi machoni pa mabukwe, maana limebaki vijiti, na aliponiuliza majani yamekwenda wapi nilimwambia ni wadudu. Mimi huchuma asubuhi akiwa misani, hajawahi kuniona.

Jana wakati wa chakula ameweka kijiko chini. Yeye husema Kirundi, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. Alisema, "Katika nyumba hii kuna mtu amekunywa maziwa siku ya karanga, na mtu huyo alijua anachofanya. Jumamosi nampandisha ng'ombe wangu kwetu." Wala hakututazama, alikuwa anatazama sahani yake. Kwao hakuna paa, Shangazi, hakuna jirani, na wiki iliyopita tumesikia milio ya bunduki huko siku tatu mfululizo. Papa Orlane akasema, "Mama, tutaona," akaomba aongezewe épinards.

Silali. Nikikiri, ukoo mzima utasema mke wa mjini amemaliza ng'ombe wa mwisho wa familia, na mabukwe ataondoka vilevile, tena kwa hasira. Nikinyamaza, anapanda mlima Jumamosi kwa sababu yangu, na likimkuta la kumkuta nitawatazamaje watoto? Na nikiacha karanga, Papa Orlane anarudi kwenye maharage, na akitoka kwenye maharage anakwenda kwenye mbuzi. Niseme au ninyamaze? Na nikisema, nipike nini? Naomba unijibu wiki hii, nakusihi.

Mimi Mama Orlane, Kanyosha.

*

Mama Orlane,

Mwalimu mzima! Umebadilisha jina lako, la mumeo, la mwanao na la jirani, halafu jina la ng'ombe ukaliandika kama lilivyo, tena na tena, kana kwamba ndiye aliyekutuma uandike barua. Kanyosha nzima kuna ng'ombe wangapi wenye jina lile, wanaolala nyuma ya nyumba ya mwalimu? Nilimuuliza mchuuzi mmoja wa maziwa, akanitajia hadi rangi ya mlango wako. Hapa gazetini nimempa jina la Bihogo mimi mwenyewe, kwa hiyo wasomaji wengine mkae kwa kutulia.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na majibu yangu hutoka Ijumaa. Nikaona mama wa watu asife kwa kungoja gazeti. Jumatano nikafunga kibanda changu cha sambusa hapa Buyenzi, nikaja kwako saa sita mchana. Wewe ulikuwa shuleni, na mumeo alikuwa Rohero anawaokoa kuku. Nikajifanya natafuta maziwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mbavu za ng'ombe, zinahesabika ukiwa barabarani. Mbele yake palikuwa na maganda matatu ya ndizi. Kitu cha pili nilichokiona ni lile shamba lako la viazi, vijiti vitupu, safi, hakuna jani lililotobolewa. Mdudu gani anakata jani kwa kisu, mwanangu?

Nisikilize vizuri. Ng'ombe huyo hajarogwa, hajalaaniwa, na matiti yake hayana neno. Ana njaa! Nyasi za bondeni hakuna anayethubutu kwenda kuzikata siku hizi za bunduki, ndiyo maana mama mkwe wako, mtu mwenye akili kutuzidi mimi na wewe, alimpandia ng'ombe wake chakula uani. Wewe ukawa unaingia na kikapu mama akiwa anasali, ukakiweka chote kwenye sufuria. Mumeo amekula chakula cha ng'ombe miezi mitatu. Yeye kanenepa, ng'ombe kakonda. Kwa haki kabisa, ungemkamua yeye.

Umeogopa karanga, hukuwaza majani. Sikulaumu sana, maana mtu mwenye uongo wa aina tatu mkononi hajui ni upi unaomchoma. Lakini nakulaumu kwa ule wa wadudu. Mama alikuuliza swali la kweli kabisa, na ungemjibu siku ile, leo usingekuwa unaniandikia.

Matembele sikukatazi. Sisi Buyenzi tunayala tangu enzi za babu zetu na hatujaota pembe. Panda yako, upande wa mbele, yale ya nyuma mwachie mwenyewe. Na huyo Papa Orlane, kidole kimepona, sivyo? Zile bustani za ofisi za Rohero zinafyekwa kila wiki na nyasi zinatupwa. Abebe gunia. Wakimuuliza, aseme végétarien mmoja anamsaidia mwenzake.

Sasa jikoni. Mwanangu, kubadilisha jani chini ya karanga zilezile si kubadilisha chakula. Umemtoa mumeo kwenye maharage kila siku ukamtia kwenye karanga kila siku, na siku ya tisa ya karanga nayo inakuja. Na dawa yake ulikuwa nayo ndani ya nyumba, ukaicheka. Mimi ni Mwislamu, miko ya ng'ombe si yangu kuihukumu, lakini hebu itazame kwa jicho la mpishi. Siku ya karanga haina maziwa, na siku ya maziwa haina karanga wala njegere. Huo tayari ni mpango wa wiki, na bibi zako waliupanga bila diploma.

Siku ya karanga pika sombe ya majani ya mihogo, au mchicha wa lengalenga, na bugali, mtu ashibe, na chai iwe ya rangi. Siku ya maziwa pika ndizi mbichi na nyanya na bilinganya bila unga wowote, au wali wa mchele wa Imbo na dengu za kitunguu kingi, jioni kila mtu apate kikombe chake bila dhambi. Kuna bagia za kunde, watoto watazigombania. Kuna uyoga mvua zikinyesha. Kuna boga la kuchemsha, kuna parachichi na chumvi na ndimu, ambalo mnawaachia ndege. Kuna chapati na choroko. Maharage yenyewe hujayapika bado, umeyachemsha tu; yatafute mabichi, yachemshe yaive, uyakaange na karoti na pilipili, uone kama mtu atasema internat. Na njegere, tafadhali, maji yanatosha. Supu ya hoteli ale hotelini.

Papa Orlane, najua na wewe utalisoma gazeti hili, maana wanaume husema ukurasa huu ni wa wanawake kisha wanauanza huo. Goutte si aibu, sema tu ni goutte. Lakini ukitaka kuendelea kuwaambia watu kwamba unachukia damu kumwagika, basi kumbuka kesho asubuhi mama yako anapanda mlimani kunakosikika milio, na wewe neno ulilompa ni "tutaona". Utaona nini?

Nimebakiza jambo moja, Mama Orlane, na ndilo lililonifanya nirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Nilipomwambia mama nataka maziwa, alisema hakuna. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama mlangoni, akanivuta karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni mimi." Anasema jioni moja aliingia jikoni kuteka maji, akakuta sufuria yako ya épinards, harufu ikamshinda, akachovya kidole. Akachovya tena. Akajua ni karanga, na asubuhi hiyo alikuwa amekunywa maziwa. Katika maisha yake yote hajawahi kuvunja mwiko ule. Na kesho yake akachovya tena, na keshokutwa. "Hawa ni watoto wa mjini, hawajui," akaniambia. "Mimi nilijua." Unafikiri kila asubuhi anaombea nini misani? Yule mtu aliyemsema mezani hakuwa wewe. Alikuwa anajisema mwenyewe, mbele yenu wote, na hakuna aliyesikia.

Nilimwapia kwamba sitamwambia mtu. Sijamwambia mtu, nimeandika tu. Mungu atanisamehe, ni Mwingi wa rehema.

Nikamuuliza, "Sasa, mama, kosa la kidole ndiyo ulipeleke mlimani kwenye bunduki?" Akazungusha rozari. Akasema, "Mwaka mzima nipo hapa. Hakuna aliyeniambia niondoke, ni watu wazuri. Lakini hakuna aliyeniambia nikae. Nilikuwa najiambia, kuna maziwa, nina kitu ninacholeta. Sasa hakuna maziwa."

Kwa hiyo fanya hivi. Leo ni Ijumaa, una leo tu. Ukitoka shule usipite sokoni, usipite kwa Mama Cirimwami, nenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Kata mgomba mmoja umpe ng'ombe shina lake, ale mama akiona. Kaa chini kwenye mkeka wake, si kwenye kiti. Sema karanga, sema njegere, sema wadudu, sema maharage ya uongo ya kila jioni, usipunguze. Usiseme unajua la kidole chake; likimtoka mwenyewe, lipokee, na kama halikumtoka, mwachie. Akikukaripia, nyamaza, umestahili.

Halafu mwombe abaki. Usimwambie ni kwa ajili ya ng'ombe, na usimwambie ni kwa sababu ya vita, vita anavijua kuliko wewe. Mwambie unamtaka nyumbani kwako, hata kama ng'ombe hatatoa tone tena. Mwambie kwa Kirundi, taratibu, umtazame usoni, na usiinuke kwenye mkeka mpaka akujibu.

Shangazi Mwanne, Buyenzi.